Shosho Wangu Ndiye Aliikopesha Serikali Barabara

Niko na swali moja tu leo, na nataka ulijibu kwa kichwa chako kabla hujaendelea. Ile barabara kubwa unapitia ukienda kazini au chuo, nani aliilipia?

Najua wengi mtasema Wachina. Wengine mtasema kodi yetu. Yule mmoja wa kusoma sana atasema ni mkopo. Nyote mko sawa, kidogo. Lakini kuna mtu hamjamtaja, na huyo ndiye alitoa pesa kabla ya wengine wote. Alitoa bila riba, bila mkataba, na hakuna mtu alimuuliza kama anataka kukopesha. Huyo ni mwenye ardhi.

Kwetu sisi, huyo mtu ni shosho.

Wale mmenifuata kitambo mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Huwa mnaniuliza kwa nini, na mimi huwa nawajibu kwa mzaha, ati darasa lilinishinda kwa baridi. Leo wacha niseme ukweli. Niliacha chuo kwa sababu ya barabara.

Shosho alikuwa na ploti ya hamsini kwa mia pembeni mwa jiji. Aliinunua na marehemu guka kwa pesa ya sakos, wakati huko bado kulikuwa ni mahindi na fisi. Wakajenga vyumba sita vya mabati, kila kimoja elfu tatu kwa mwezi. Piga hesabu: elfu kumi na nane. Hiyo pesa si kitu kwa mtu wa Kileleshwa, lakini kwetu ilisomesha baba yangu na ndugu zake wawili, na ikaanza kunisomesha mimi.

Nikiwa kidato cha pili, masaveya wakaja. Wakapanda vigingi, wakapaka X nyekundu ukutani, wakaenda. Mradi siutaji. Kidato cha tatu, shosho akapata barua. Thamani ya ploti na nyumba ni milioni tatu, ongeza 15% ya usumbufu, jumla Sh3,450,000. Manze, tulifurahi! Wakati huo, pesa hiyo ingenunua ploti nyingine karibu na hapo na kubaki na ya kujenga.

Lakini pesa haikuja. Wapangaji waliona ile X wakaanza kuhama mmoja mmoja. Nani atakaa nyumba yenye X? Mwaka uliofuata tingatinga likaja. Pesa bado. Kila mwezi shosho alikuwa anapanda matatu kwenda kuuliza faili yake iko wapi. Leo ataambiwa iko kwa mhasibu, kesho ataambiwa pesa bado haijatoka Hazina. Nikaingia chuo na HELB na jua kali ya mzee. Mwaka wa pili hizo mbili hazikutosha, na vile vyumba sita vilivyokuwa vinajaza pengo vilikuwa vimegeuka lami.

Pesa ilikuja mwaka jana. Miaka sita baada ya ile barua. Ni kiasi gani? Sh3,450,000. Ile ile. Haikuongezwa hata shilingi mia ya soda. Na ile ploti ya jirani ambayo ingenunuliwa na hiyo pesa, sasa inauzwa zaidi ya mara mbili. Na unajua kwa nini bei ilipanda? Juu ya barabara.

Soma hiyo aya tena polepole. Barabara ilichukua ardhi ya shosho, ikachelewesha pesa yake, halafu ikapandisha bei ya ardhi ambayo angenunua.

Tuhesabu sasa, juu mimi nilisoma hesabu kabla ya kuacha. Tukianzia tu siku ya tingatinga, miaka mitano ya kodi ya vyumba ni 18,000 mara 60. Hiyo ni Sh1,080,000. Na kama shosho angekuwa benki, akaikopesha serikali hiyo milioni 3.45 kwa riba ya kawaida ya 12% kwa mwaka, miaka mitano ingemletea Sh2,070,000 juu ya pesa yake. Benki zinaikopesha serikali kila wiki na zinalipwa riba. Shosho aliikopesha miaka na akaambiwa awe na subira.

Huo ndio msimamo wangu leo, na nitautetea hadi mwisho: hakuna mradi wa jiji unafaa kupaka X kwa ukuta wa mtu kabla pesa ya hiyo ardhi iko benki. Isiwe imeahidiwa au imewekwa kwa bajeti ya mwaka ujao. Iwe benki.

Sheria iko, tena si mbaya

Kitu kinaniuma ni kwamba sitaki sheria mpya. Iliyoko ingetosha.

Katiba ya 2010, kifungu cha 40, inaruhusu serikali kuchukua ardhi ya mtu kwa ajili ya manufaa ya umma. Hilo silipingi. Jiji haliwezi kujengwa kama kila mtu anaweza kukataa. Lakini katiba hiyo hiyo inasema mwenye ardhi alipwe fidia ya haki, kwa ukamilifu na bila kuchelewa. Sheria ya Ardhi ya 2012 ikaipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kusimamia mambo hayo. Mwaka wa 2016 ikarekebishwa, ikasema taasisi inayotaka ardhi, iwe ni ya barabara, reli au maji, iweke kwanza pesa ya fidia kwa Tume kabla ya ardhi kuchukuliwa. Na kuna sehemu inazungumzia riba kwa malipo ambayo hayajalipwa.

Unaona? Kwa karatasi, shosho alikuwa salama.

Halafu 2019 ikaja sheria nyingine ya marekebisho kuhusu thamani ya ardhi. Hiyo ilieleza maana ya kulipa bila kuchelewa. Ikasema ni ndani ya muda unaofaa, na usizidi mwaka mmoja baada ya ardhi kuchukuliwa. Baada! Jaribu kumwambia mama mboga hivyo. Chukua sukuma wiki, mwambie utamlipa bila kuchelewa, yaani mwaka ujao. Atakufukuza na kisu cha kukatia hiyo sukuma.

Na hata huo mwaka mmoja mara nyingi hautimizwi. Fidia za ardhi zilizolimbikizwa bila kulipwa ni za mabilioni ya shilingi, na nyingine zina umri wa mtoto wa shule ya msingi. Hii si siri. Inazungumziwa bungeni karibu kila bajeti, watu wanatikisa vichwa, halafu mradi mwingine unazinduliwa.

Kwa nini pesa ya ardhi ndiyo hukosekana kila mara

Hapa ndipo nilikaa na kuchimba, kwa sababu nilitaka kujua ni nani hasa wa kulaumiwa. Nilidhani nitapata mwizi mmoja mkubwa. Kumbe shida iko kwa namna miradi yenyewe hupangwa.

Mradi mkubwa ukitafutiwa pesa, pesa ya ujenzi na pesa ya ardhi hutoka mifuko tofauti. Chukua SGR ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa Mei 2017. Benki ya Exim ya China ilikopesha karibu 90% ya gharama. Mwaka wa 2013 tukawekewa pia tozo, wakati huo ya 1.5%, kwa bidhaa zinazoingizwa nchini, ya kusaidia reli. Lakini fidia ya wenye mashamba njia nzima ilikuwa juu ya serikali yetu. Barabara nyingi za mikopo ziko hivyo hivyo. Mkopeshaji analeta pesa ya lami na madaraja, na wewe mwenye nchi unatafuta pesa ya ardhi.

Sasa fikiria kama wewe ndiye uko Hazina. Mkandarasi ana mkataba. Ukimchelewesha, anakutoza faini na anaweza kusimamisha mitambo. Benki ya kigeni ina mkataba pia. Ukichelewa kulipa, jina la nchi linaharibika. Halafu kuna shosho na barua yake kwa bahasha ya kaki. Akicheleweshwa atafanya nini? Atapanda matatu aje aulize. Kwa hivyo mwezi ukikaza, nani anaruka foleni na nani anabaki nyuma? Jibu unalijua.

Hata zile barabara zinazojengwa kwa ubia na kampuni binafsi haziondoi hiyo shida. Nairobi Expressway, ile ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilianza kutumika 2022. Kampuni inakusanya ada kwa miaka 27 ndiyo irudishe pesa yake. Sisemi ni vibaya. Mwekezaji alilindwa na karatasi, kila gari likipita anahesabu. Swali langu ni moja tu: kama tunaweza kumwandikia mwekezaji mkataba wa miaka 27 na tukauheshimu kila siku pale kwa kizuizi cha ada, tunashindwaje na mwenye ploti ambaye anataka kulipwa mara moja tu?

Na usiniambie hakuna pesa. Wakati mwingine pesa iko, inaenda kwa mtu ambaye hakufaa kuipata. Mnakumbuka Ruaraka? Mwaka wa 2018 nchi iligundua kwamba Sh1.5 bilioni zililipwa, kati ya Sh3.2 bilioni zilizokubaliwa, ili kununua ardhi ambayo tayari ilikuwa na shule mbili za umma. Mahakama ikasema mwaka uliofuata kwamba ardhi hiyo ilikuwa ya umma. Yaani serikali ilinunua kitu chake yenyewe. Hiyo bilioni moja na nusu ingelipa mashosho zaidi ya mia nne wa milioni 3.45 kila mmoja. Nimepiga hesabu mara mbili.

Hao hawana hata barua

Nimezungumza juu ya shosho kwa sababu ni wetu. Lakini kwa kweli shosho alikuwa na bahati. Alikuwa na hati.

Wale wapangaji sita wa vile vyumba, unajua walipata nini? Waliambiwa wahame. Mmoja alikuwa fundi wa viatu aliyekuwa na kibanda hapo mbele, wateja wote walimjua kwa jina. Alihamia mbali akaanza upya bila mteja hata mmoja. Hakuna mthamini aliandika kibanda chake popote.

Na ukitaka kuona hilo jambo kwa ukubwa wake, kumbuka Mukuru kwa Njenga mwishoni mwa 2021. Nyumba zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha, na maelfu ya watu wakalala nje, mvua ikiwanyeshea, watoto wakiwa katikati ya muhula. Wengi wa watu wa jiji hili hawana hati. Wanapanga, ama wako kwa ardhi ambayo karatasi zake zina hadithi ndefu. Mradi ukihesabu fidia kwa kuangalia hati pekee, unawahesabu watu hao kama hawapo. Wanakuwa sifuri kwa bajeti, na ndiyo maana mradi unaonekana rahisi kwenye karatasi. Bei ni ileile, ila mtu mwingine ndiye ameilipa.

Na katiba iliwaona. Kifungu hicho cha 40 kinasema sheria inaweza kuweka fidia kwa wanaokaa kwa ardhi kwa nia njema hata kama hawana hati. Inaweza. Hilo neno dogo ndilo limelaza watu nje.

Sasa tuongee juu ya jirani

Hapa najua baadhi yenu mtanikasirikia, haswa wale wazazi wao wana ploti kando ya barabara kubwa. Samahani mapema.

Barabara ikipita, ardhi ya jirani inapanda. Angalia Thika Road tangu ikamilike 2012. Kutoka Kasarani hadi Juja, mahali palipokuwa na kahawa na migomba pamejaa ghorofa na maduka makubwa. Mtu aliyekuwa na ekari pembeni mwa hiyo barabara aliamka tajiri. Hakufanya chochote kibaya. Lakini hakufanya chochote kabisa! Thamani hiyo ililetwa na pesa ya umma.

Sasa linganisha. Shosho ambaye ardhi yake iko chini ya lami alipoteza. Jirani ambaye ardhi yake iko mita hamsini kando alishinda bahati nasibu bila kununua tiketi. Na mabroka walionusa ramani mapema wakanunua mashamba kwa bei ya viazi kutoka kwa wazee ambao hawakujua kitu? Hao ndio walikula zaidi ya wote.

Je, huyo jirani huwa anarudisha kitu? Kidogo sana. Akiuza, kuna kodi ya faida ya mtaji. Ilirudi 2015 kwa 5%, na tangu Januari 2023 ni 15%. Lakini hiyo analipa akiuza tu. Akikaa na ardhi miaka ishirini akingoja bei, hatoi. Na reti za kaunti? Nairobi ilikaa karibu miaka arobaini ikitoza reti kwa bei za ardhi za mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wewe fikiria ploti ya Upper Hill inatozwa kwa bei ya enzi za mzee Moi akianza kazi.

Kwa hivyo tuna jiji ambalo linatengeneza utajiri mkubwa kila likijenga barabara, halafu linawaachia wenye bahati utajiri huo wote, halafu linasema halina pesa ya kumlipa aliyetoa ardhi. Pesa ya kumlipa shosho iko. Iko kwa ploti ya jirani, imelala.

Wenzetu wamefanyaje

Sitaki mseme nalialia tu. Kuna miji imejaribu njia nyingine, na si lazima iwe Ulaya.

Ahmedabad, jiji la India katika jimbo la Gujarat, lina mtindo wake chini ya sheria ya 1976. Badala ya kung'oa mwenye shamba mmoja na kumwacha jirani yake acheke, wanachukua mashamba yote ya eneo hilo kwa pamoja. Kila mwenye shamba anatoa sehemu. Sehemu hizo zinakuwa barabara, shule, bustani. Halafu kila mmoja anarudishiwa ploti ndogo kuliko ya mwanzo, lakini sasa ina barabara, ina maji, ina mtaro, na bei yake imepanda. Wenye ardhi huchangia gharama ya hizo huduma kutokana na ile thamani iliyoongezeka. Njia hiyo ilitumika kupata ardhi kwa barabara yao ya mzunguko ya kilomita 76. Kila mtu anatoa kidogo, na hakuna shosho mmoja anabeba mzigo wa mtaa mzima.

Hong Kong, kampuni ya reli hupewa haki ya kujenga juu ya stesheni na pembeni yake, kwa bei ya ardhi ya kabla ya reli. Reli ikifika thamani inapanda, na faida ya hizo nyumba na maduka inasaidia kulipia reli. Yaani treni inakula matunda ya mti iliopanda yenyewe.

Sasa kuna watu wataniambia Kenya si Hong Kong. Ni kweli, na sisemi tunakili kila kitu. Mtindo wa Ahmedabad unahitaji rekodi safi za ardhi na maafisa wa kuaminika, na sisi kwa hizo mbili bado tunahema. Lakini ile sheria yetu ya 2019 tayari inaruhusu fidia isiwe pesa tu. Inataja kupewa ardhi nyingine ya thamani sawa, hatifungani ya serikali, haki za ujenzi, hata hisa kwa kampuni ya serikali. Mlango uko wazi. Ila mimi ningeongeza kitu kimoja: achague mwenye ardhi, asichaguliwe. Hatifungani kwa mtu ambaye anahitaji kujenga vyumba sita kesho asubuhi ni deni lingine lenye jina zuri.

Mnachoniuliza kila mara

Nikigusia haya mambo kwa video huwa napata majibu matatu. Wacha niyajibu hapa.

La kwanza: "Tukingoja pesa yote iwe benki, hakuna kitu kitajengwa." Basi tujenge kidogo. Kama mradi hauwezi kulipia ardhi yake, mradi huo hauna pesa, mambo ni hayo tu. Huwezi kusema una bajeti ya harusi kama umeacha chakula nje ukitumaini wageni watakuja wameshiba. Na kuchelewa kuko tayari: wenye ardhi ambao hawajalipwa wanaenda kortini, wanafunga njia, mkandarasi anasimama na faini inahesabika. Pesa ya faini hiyo ingelipa fidia.

La pili: "Wenye ardhi nao wanadanganya, wanajenga nyumba za haraka haraka wakisikia mradi unakuja ili walipwe zaidi." Ni kweli, wako. Nimewaona. Miche ya maparachichi inapandwa usiku kama bangi. Lakini dawa ya hilo ni kuthamini ardhi mapema, kupiga picha za juu siku ramani inapotangazwa, na kulipa haraka. Mchezo huo unanoga pale ambapo kuna miaka mitatu kati ya tangazo na malipo. Funga hilo pengo uone kama mtu atapata muda wa kupanda maparachichi.

La tatu, na hili ndilo huniumiza: "Si alilipwa mwishowe? Ashukuru." Alilipwa milioni tatu na nusu za zamani kwa bei za leo. Akanunua nusu ploti mbali zaidi, mahali ambapo hakuna barabara. Ndiyo, umesoma vizuri. Mwanamke aliyetoa ardhi ya barabara sasa anaishi mahali bodaboda hukataa kuingia mvua ikinyesha.

Ninachotaka, kwa ufupi

Moja, pesa benki kwanza. Kama tangazo la kuchukua ardhi linatoka kwa Gazeti Rasmi, litaje pia akaunti ina kiasi gani. Ikiwa haina kitu, tujue.

Mbili, riba ilipwe bila mtu kuombwa. Siku ikipita ihesabike yenyewe, kama Fuliza inavyotuhesabia sisi. Serikali ikiona shosho anakuwa ghali kila asubuhi, itamkumbuka.

Tatu, wapangaji na wenye vibanda wahesabiwe kwa gharama ya mradi tangu siku ya kwanza. Hata kama ni kodi ya miezi kadhaa na nauli ya kuhama, iandikwe.

Nne, wanaofaidika na barabara warudishe kidogo. Daftari la thamani ya ardhi liwe la kisasa, na sehemu ya reti zinazoongezeka kando ya barabara mpya iende kulipa fidia za barabara hiyo hiyo.

Na wewe unayesoma hii kwa simu ndani ya matatu, una kazi pia. Muulize mzee wako au shosho kama kuna X mahali. Gazeti Rasmi linapatikana bure mtandaoni, na ndiko matangazo ya ardhi hutoka. Ukiona namba ya ploti yenu, usinyamaze. Tume hufanya kikao cha kusikiza madai kabla ya kukadiria fidia. Nendeni, na mpeleke madai kwa maandishi: hati, picha za nyumba, risiti za kodi, majina ya wapangaji. Sisi hatukupeleka risiti. Shosho alidhani neno lake linatosha, kwa sababu maisha yake yote neno lake lilitosha.

Wiki jana nilimpeleka kliniki. Tulipita juu ya ile barabara. Ni nzuri, siwezi kudanganya. Hakuna hata shimo. Tulipofika mahali ploti ilikuwa, nikapunguza mwendo, nikamwonyesha kwa kidole. Aliangalia nje ya dirisha kidogo, akaniuliza, "Na hapa tunalipa?"

Nikamwambia, "La shosho, hii ni ya bure."

Akasema, "Ya bure kwako."